NYUMBA YA MITI AO NYUMBA YA MATOFALI?



Mara hii sitaandika juu ya nizamu ya internati wala juu ya wale wanaochelewa kwa sala ya asubuhi. Kama kapita nimekwisha kuyasema hayo mara nyingi, na ninyi mmechoka kuyasikia. Nataka kuandika juu ya nyumba, sababu jambo hilo liko kwetu na liko kwa wengi wenu.

Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za kandokando hapa Kalemie, na watu wengi wakahama. Sisi pia tulihama, na mpaka leo tunalipia nyumba ya wengine. Baba amepata parseli juu ya kilima. Yeye anataka matofali ya kuchoma. Mjomba, ambaye ni seremala, anasema tujenge kwa miti na udongo. Mama anauliza neno moja tu: minervali ya wadogo wenu itatoka wapi? Ndipo baba akaniambia: “Wewe ni finalisti. Shika daftari, fanya hesabu.”

Sikuhesabu kwa franka. Bei ya leo si bei ya kesho, na hesabu ya franka inaoza mbele ya miti. Nilihesabu vitu, kila mtu apime mwenyewe kwa bei ya sokoni.

Nyumba ni ya meta 8 kwa 6, na kuta za ndani meta 10. Jumla ni meta 38 za ukuta, kimo chake meta 2,5. Ukitoa milango na madirisha, kisha ukiongeza pembe tatu mbili za juu chini ya paa, unabaki na meta mraba 90 hivi.

Tofali letu ni la sentimeta 22 kwa 11 kwa 7. Likilazwa kwa ukuta mwembamba, yanaingia 50 katika meta mraba moja. Basi 90 mara 50 ni 4.500. Weka 500 ya kuvunjika njiani, ni 5.000. Simenti ya kuyashikamanisha tu ni mifuko 14 hivi, mbali na ile ya msingi na ya sakafu. Ongeza mchanga, maji, gari na siku za masoni. Tena tusisahau kuni za tanuru. Watu husema nyumba ya matofali haiharibu pori. Waende waone namna tanuru inavyokula magogo usiku na mchana!

Kwa miti hesabu ni hii. Nguzo moja kila sentimeta 60, pamoja na za pembe na za milango, ni 70. Fito za kulala, pande mbili, ni 300 hivi za meta tatu. Kisha misumari, kamba, na udongo ambao tunauchimba palepale. Ndugu na majirani wakija kukanyaga potopoto, kazi inakwisha upesi, na tunawalipa kwa bugali na samaki.

Sasa angalieni jambo ambalo baba na mjomba hawakuliona katika mabishano yao. Manjanja, milango, madirisha na sakafu ni vilevile kwa nyumba zote mbili. Tofauti iko kwa kuta tu. Kwa hiyo anayesema nyumba ya miti ni bure anadanganya, na anayejenga kwa miti bila kuweka fungu la manjanja atalala chini ya majani.

Lakini bei ya siku ya kwanza si bei yote. Kila mwaka baada ya masika ukuta wa udongo unataka kupakwa tena. Mchwa wanakula nguzo iliyozikwa katika udongo, hata ukiichoma mguu wake ao ukiipaka mafuta machafu ya motere. Dawa hizo zinawachelewesha tu. Hapo baba ana haki.

Mjomba naye ana haki yake. Tarehe 5 desemba 2005 nchi ilitetemeka, kipimo 6,8, na chimbuko lake lilikuwa katika ziwa letu hili. Sisi wa darasa la sita tulikuwa hatujazaliwa. Mama alikuwa sokoni. Anasema alisikia kuta za matofali zikianguka kama magunia. Nyumba zilianguka mjini na watu walikufa. Tofali lisilofungwa na chuma wala mshipi wa betoni juu ya ukuta halijui kuinama, linavunjika na kuangukia wenye nyumba. Miti iliyofungwa vizuri inayumba pamoja na nchi. Japani, ambako nchi hutetemeka mara kwa mara, watu wengi wanakaa katika nyumba za mbao, na si masikini. Basi tuache kusema kwamba miti ni aibu.

Shauri langu kwa baba lilikuwa hili. Msingi wa mawe na simenti. Juu yake matofali mpaka sentimeta 80 kwa kuta za nje tu: hayo ni 1.200 pamoja na ya kuvunjika. Nguzo zisizikwe, zisimame juu ya matofali hayo, zishikwe kwa chuma, mbali na mvua na mchwa. Juu yake fito na udongo, na paa litoke nje sana lifunike kuta. Matofali 3.800 ambayo hatununui ni minervali ya wadogo wangu wawili.

Baba alisoma daftari mara mbili. Akasema: “Watu watasema nyumba yangu ni nusu.” Mama akajibu: “Watoto wako hawatakuwa nusu.” Juma lililofuata waliagiza mawe.

Wapendwa, katika Luka 14 Bwana anasema habari ya mtu aliyeanza mnara bila kuhesabu, watu wakamcheka. Kalemie tunaona kuta nyingi za namna hiyo, majani yameota ndani. Ukirudi kwenu likizo hii na kukuta wazee wanabishana juu ya nyumba, usikae kimya kama mgeni. Omba ruhusa, shika daftari, hesabu pamoja nao.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa internati, darasa la sita