Tumbo la Jumatatu

Nilianza kufundisha Migori ikiwa bado ndani ya wilaya ya South Nyanza na makao makuu yakiwa Homa Bay. Migori ilipata wilaya yake, baadaye kaunti, nami nikawa nahamishwa kutoka upande huu hadi ule mpaka nilipostaafu. Kila shule niliyofika niliukuta ugonjwa wa Jumatatu asubuhi.

"Mwalimu, tumbo inaniuma." Ukiuliza wapi, mkono unakwenda kitovuni, ukiuliza tena baadaye, umehamia kifuani. Wapo waliosimama juani mpaka paji la uso likachemka, na wapo waliobana kitunguu kwapani wakiamini kinaleta homa. Walimu wenzangu walikuwa na kipimo chao: subiri mapumziko, utazame nani atabaki kwenye benchi mpira ukianza. Aliyekimbia ni mwongo. Kabla viboko havijapigwa marufuku shuleni mwaka 2001, dawa yake ilijulikana.

Kipimo hicho hakifai kanda ya ziwa. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Mtoto anaweza kufunga bao saa nne na kutetemeka saa saba. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Kenya mwaka 2019, ilizinduliwa Ndhiwa, Homa Bay, kwa kuwa huku ndiko inakouma. Tena kuna selimundu, inayoweza kutesa mifupa bila mwili kuwa moto. Kwa hiyo utaratibu wangu ulikuwa zahanati kwanza, maswali baadaye. Vipimo vya tone la damu la kidoleni vilipofika vijijini, mabishano ya ofisini yalipungua sana.

Aliyerudi bila kuonekana na kitu nilimpa uji. Wengi walipona hapo hapo, maana walichougua ni njaa. Aliyebaki amenuna nilimwita kando: "Leo kuna nini?"

Upande wa Nyatike, karibu na machimbo ya dhahabu ya Macalder, mvulana wa darasa la sita aliumwa kichwa kila Jumatatu. Nilimwambia anyooshe mikono. Viganja vimechubuka, kucha zimejaa unga wa mawe. Wikendi nzima alikuwa akiponda mawe, na alichotaka ni ruhusa ya kulala. Kichwa alikisingizia, uchovu haukuwa wa kusingizia. Nilimwita mama yake, tukazungumza kwa Kijaluo bila kufokeana, na kazi ya Jumapili ikakoma.

Upande wa Homa Bay, msichana alikataa kuinuka kwenye dawati, akilalamika tumbo. Niliwatoa wavulana nje, nikamfunga leso kiunoni. Sheria ya sodo za bure kwa wasichana wa shule ilikuja mwaka 2017. Kabla ya hapo tulitegemea kabati langu.

Wategeaji hasa walikuwepo, na wengi walikimbia hesabu. Hao niliwarudisha darasani, tukaanza na swali wanaloliweza. Sikumtangaza hata mmoja paredi. Mtoto aliyeitwa mwongo mbele ya wenzake hunyamaza siku anapougua kweli, na malaria haimsubiri anayenyamaza.

Mwalimu kijana unayepangiwa kazi huku, watakudanganya, tena sana. Kubali. Afadhali upoteze asubuhi nzima zahanati kwa ajili ya mtegeaji kuliko kumwacha mgonjwa mmoja kwenye benchi.