Herufi Zisizo na Uzito

Kijana mmoja mwenye adabu zake, aliyeajiriwa majuzi kupanga kurasa katika matbaa niliyoitumikia zaidi ya nusu ya umri wangu, aliniambia kwa ule upole ambao vijana huwawekea wazee, "Ami, haya mafaili yenu ya zamani yameoza. Huko winguni hayafunguki, na kila mwezi tunayalipia nafasi. Afadhali tuyafute." Nilimwuliza yameozaje ilhali hayakupata kuloa maji wala kuingiliwa na mchwa, naye akacheka, akidhani nafanya mzaha. Katika mafaili hayo mna kadi za harusi za watu ambao leo ni mababu, mna matangazo ya hitima, ratiba za Ramadhani, vitabu vya kusomeshea watoto chuoni, na tenzi ambazo watungaji wake wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Na maadamu kijana yule hajui zilivyoingia humo, hawezi kujua kwamba ziko njia za kuzitoa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Niliingia matbaani kama mvulana wa kufagia. Kadi yangu ya NSSF yasema ni mwaka 1975, na marehemu mama yangu akishikilia mpaka mwisho wa uhai wake kuwa ni 1974, kwa kuwa ndio mwaka aliomzaa kitinda mimba wake. Shauri hilo nimewaachia wenyewe. Matbaa ilikuwa katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, nayo ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye giza, kaunta mlangoni na mtambo wa Heidelberg nyuma, na kabla hujaiona ungeinusa: wino, mafuta ya taa ya kuoshea herufi, gundi ya kujalidia vitabu, na baada ya sala ya alasiri kahawa yenye tangawizi kutoka katika birika la shaba la mwuza kahawa, ambaye hakuingia ndani hata siku moja, akihofia kanzu yake isitiwe doa.

Mpangaji mkuu wa herufi tulimwita Maalim, kwa kuwa jioni alikuwa akisomesha chuoni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na miwani iliyofungwa uzi sikio moja, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa risasi hata siku ya Idi. Aliweza kusoma ukurasa mzima uliopangwa kinyumenyume kama zisomwavyo herufi katika kioo, na mkono wake wa kulia uliingia katika kesi ya herufi ukatoka na ile ile aitakayo bila jicho kuufuata, huku mdomo ukiendelea kumsuta aliyechelewa. Alikuwa mtoto mdogo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kulitoa gazeti la *Al-Islah* mwaka 1932, akakua akilisikia likisomwa kwa sauti barazani, na aliamini kwamba mtu asiyejua kupanga herufi hajakamilisha elimu yake, hata akiwa kadhi.

Somo la kwanza alilompa kila mwanagenzi lilikuwa hili. Alitoa herufi moja iliyonunuliwa zamani za Mwingereza, kabla ya vita, na nyingine iliyofika juzi, ingali inang'aa, akazisimamisha pamoja juu ya jiwe la kupangia, akatwambia tupitishe ukucha juu ya nyuso zake. Ukucha haukukwama. Herufi hizo zilikuwa za risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, na kila moja, iwe ya kichwa cha tangazo au ya maandishi madogo ya pambizoni, ilikuwa na kimo cha inchi 0.918 tangu wayo hadi uso, kimo kilichokubaliwa na wasubu herufi wa Uingereza na Marekani zamani sana, wala hapana aliyethubutu kukibadili ili awalazimishe wateja wake wanunue upya. Kwa hivyo herufi ya babu na ya mjukuu zilisimama bega kwa bega kama watu katika safu ya sala, wino ukazipitia sawasawa. "Herufi haimwulizi mwenziwe umri," Maalim alikuwa akisema, kisha akatutuma tukafagie.

Kompyuta ya kwanza, Macintosh iliyokwisha kutumiwa Nairobi, ilitufikia mwaka 1991 kwa ushahidi wa risiti, ingawa mimi ningeapa kuwa ilikuwa baadaye. Programu yake ilikuwa PageMaker, iliyotolewa mwaka 1985 na kampuni ya Aldus, iliyojipa jina la Aldus Manutius, mpiga chapa mashuhuri wa Venice wa zama za kale. Maalim alipoelezwa habari hiyo alisema, "Basi huyo aliyeitunga amelelewa, maana amemtaja aliyemtangulia," na kwa sababu hiyo tu akakubali kuketi mbele ya kibodi, akiwa amekwisha kuvuka miaka sitini.

Taabu ilikuwa herufi za Kiarabu. Unicode, ule mpango wa kuipa kila herufi ya kila lugha nambari yake moja isiyobadilika, ulikuwa ndio kwanza umetangazwa mwaka huo huo wa 1991, na kwetu haukuwa umesikika. Hivyo kila mchora fonti alizificha herufi zake za Kiarabu nyuma ya vitufe vya Kizungu kama alivyopenda. Katika fonti tuliyoipendelea kwa kadi za harusi, Bismillahi nzima, iliyoandikwa kwa khati ya thuluthi, ilikaa nyuma ya q ndogo: ukibonyeza kitufe hicho, hiyo hapo juu ya kadi, imetua kama ilivyochorwa. Maalim alinunua daftari lenye jalada gumu, akalijaza kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, fonti kwa fonti, kitufe gani kinatoa nini, kazi ya nani imo katika diski ipi. Fauka ya hayo, kila kazi iliyokwisha aliitolea karatasi moja safi, akaitoboa, akaitunga katika uzi na kuitundika ukutani. Sisi vijana wa wakati huo tuliuona huo kuwa ubahili wa mtu wa zamani asiyeiamini mashine.

Yaliyofuata nitayapita mbio, kwa kuwa hayana harufu. Aldus ilinunuliwa na kampuni nyingine mwaka 1994, na PageMaker ya mwisho ikatoka 2001. Maalim akafariki, Mungu amrehemu. Risasi yote ikauzwa kwa kilo, wavuvi wakaiyeyusha kufanya chubwi za mishipi yao. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa, intaneti ikawa ya kila mtu, na wateja wakaanza kuja na kadi walizojitengenezea kwa simu, kila moja na maua yale yale, wakitaka tuzipige chapa kwa bei ya bure.

Mwaka 2022 mwana wa tajiri wetu, kijana msomi na mwenye nia njema, akahamisha kila kitu winguni. Mwuzaji wa huduma hiyo alikuja na fulana yenye nembo, akatuhakikishia kwamba hakuna kitakachopotea tena, na kwa neno hilo alisema kweli, kwani mafaili yote yalifika. Ila hayakufika kama yalivyoondoka. Macintosh za zamani hazikuweka mwishoni mwa jina ile alama ya kuonyesha faili ni la aina gani, bali ziliiandika kando, mahali ambapo huduma mpya haikupachungulia. Basi maelfu ya kazi yakawa karatasi zisizo na kabila. Jina kama "Imsakia 1417/2" lilikataliwa kwa ajili ya mkwaju wake. Fonti ndizo zilizonitia uchungu. Kila faili la mashine zile lilikuwa na sehemu mbili, na maumbo ya herufi yalikaa katika sehemu ya pili. Njia ya kupandia winguni iliijua sehemu ya kwanza peke yake. Nilitazama orodha kwenye kioo: majina ya fonti yako, yote, kwa mpangilio, na mbele ya kila jina uzito wake, baiti 0.

Kazi chache zilikubali kugeuzwa kwa programu mpya ya kukodi, nayo ilipoikosa fonti ikaweka nyingine bila kumwuliza mtu. Mama mmoja aliyetaka kadi ya bintiye iwe kama ile ya harusi yake mwenyewe aliletewa nakala ya kukagua, akaivaa miwani, akaisoma juu hadi chini, kisha akarudi juu. "Mwanangu," akauliza, "hii q ni ya nani?"

Jedwali la nyakati za sala nalo lilikuwa na amri ndogondogo zilizotungwa kwa mkono, za kusogeza hesabu kila mwaka, na kupunguza yapata dakika tano kwa magharibi ya Lamu, iliyo mashariki yetu. Amri hizo, lilipofunguliwa ndani ya kivinjari, zilinyamaza, jedwali likabaki na nyakati za mwaka uliopita na sura yake nzuri vile vile. Dakika chache si kitu kwa abiria wa basi la Malindi, lakini kwa aliyefunga ni saumu yake. Kisha Januari 2023 fonti za namna ya Type 1, ambazo tulizilipia kwa fedha taslimu, zikaacha kutambuliwa kabisa na programu ile ya kukodi.

Waliniita, na tulichofanya hakikuwa na uganga. Macintosh moja iliyokuwa imesahauliwa chini ya ngazi ikawaka. Fonti zikafungwa ndani yake katika faili la kubana lenye kuzibeba sehemu zote mbili pamoja, ndipo zikapandishwa, zikafika na uzito wake. Kila kazi ikafunguliwa pale pale na kutolewa nakala mbili: ya maandishi matupu, na ya PDF, ambayo tangu mwaka 2008 ni kanuni ya kimataifa iliyo wazi kwa kila mwenye kutunga programu. Maandishi ya Kiarabu yakachapwa upya kwa Unicode na binti mmoja anayesomesha madrasa, daftari la Maalim likiwa mkono wake wa kushoto. Na palipotokea shaka, karatasi zilizotungwa uzini ndizo zilizoamua, kwani hapana chombo kingine kilichojua kadi ile ilionekanaje siku ilipotoka. Hiyo Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikadhoofika pwani nzima, winguni hapakupandika, na mashine ya chini ya ngazi iliendelea na kazi yake.

Siuchukii utaratibu huu mpya. Umetunusuru na moto, wizi na mvua ya masika. Linalonikera ni kwamba watu waliokuta duniani kimo cha herufi kilichowafaa wasubu na wapiga chapa vizazi kwa vizazi, wameona biashara bora ni kugeuza kimo hicho kila baada ya miaka michache, na kututoza ijara ya mwezi, kwa dola, ili tuweze kusoma tuliyoyaandika sisi wenyewe. Na vijana wetu, badala ya kukasirika, husema faili limeoza.

Kwa hivyo namwambia kijana yule, na kila mwenye duka, msikiti, chuo au ofisi anayejiandaa kuhamia huko: usifute kitu ambacho hujakifungua. Mashine ya mwisho iliyoiandika kazi ile usiiuze mpaka kazi yote imetoka. Weka PDF, weka maandishi matupu, weka karatasi moja ukutani. Na kabla ya kutia sahihi mkataba, mwulize mwuzaji swali moja: siku nikiacha kulipa, kazi yangu nitaifungua kwa kitu gani? Akikujibu kwa tabasamu, piga chapa kwanza.