Mama, safari hii usinipake mafuta kichwani

Ilikuwa Jumamosi jioni, Kihonda, kibarazani kwa msusi wangu. Alikuwa amemaliza kunifumua rasta nilizokaa nazo miezi miwili. Akachana njia ya kwanza katikati ya kichwa, halafu akanyamaza. Msusi akinyamaza ujue kuna jambo. Akaniinamia sikioni ili wateja wengine wasisikie.

"Dada, hiki kichwa siwezi kukisuka leo. Mafuta yamejaa, na mba zimeganda chini yake. Nikivuta hapa patatoka damu."

Nikamjibu haraka kwamba ngozi yangu ni kavu, ndiyo maana inabanduka, na kwamba naipaka mafuta kila usiku. Hakubishana. Akanionyesha kitana chake. Kilikuwa kimeshika utando wa njano, unanata kama nta. Nikajifunga mtandio na kurudi nyumbani na nywele zangu zilizofumuliwa.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Watu hunipigia simu kuniuliza kuhusu presha na kisukari. Kichwa changu mwenyewe nilikuwa nakitibu kwa mafuta ya nazi, ya nyonyo na ya mgando, kutegemea nani amenishauri wiki hiyo. Kikiwasha, napaka. Kikizidi kuwasha, naongeza. Kazini niliacha kuvaa nguo nyeusi kwa sababu ya unga uliokuwa ukianguka mabegani.

Kilichonitisha si msusi, ni magamba yalipoanza kuonekana kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Kwa kazi yangu nilijua kwamba hali hii huwapata zaidi watu wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, na kwamba Shirika la Afya Duniani limeiweka miongoni mwa dalili za hatua ya pili. Mtu mmoja tunayefahamiana akaniuliza, kwa utani, kama nimeshapima. Nilicheka. Usiku sikulala.

Nilikwenda kupima. Sina maambukizi. Naliandika hili kwa sababu najua wapo wanaojificha nyuma ya wigi na mtandio wakiwa na hofu ileile. Mba peke yake si kipimo cha Ukimwi, na wengi wenye mba hawana virusi hivyo. Lakini ikikuvamia ghafla, ikaenea usoni na kifuani na haisikii dawa, nenda kapime, usibaki ukihesabu dari.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kliniki ya ngozi. Mtaalamu aliyenipokea alisomea Moshi, pale KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 na ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Aliangalia kichwa changu kwa dakika chache tu, akaanza kunieleza kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara elfu.

Kila tundu la unywele lina tezi ya mafuta. Wengine tezi zao hutoa mafuta mengi, ni maumbile na homoni, si uchafu. Juu ya ngozi ya kila mtu huishi fangasi mdogo aitwaye Malassezia, na chakula chake ni mafuta. Akila, hubakiza mabaki yanayoichokoza ngozi, nayo ngozi hukimbilia kujibandua kabla ya wakati. Huo ndio unga wa mabegani. "Maabara wakitaka kumkuza fangasi huyu," akaniambia, "humwekea mafuta ya mzeituni." Nikacheka, kisha nikakumbuka chupa zilizopangwa dirishani kwangu. Kumbe nilikuwa nafuga!

Nikamuuliza mbona ncha za nywele ni kavu. Akasema nywele zetu zimejikunja, mafuta ya tezi hayashuki kirahisi kama kwenye nywele zilizonyooka. Yanabaki kwenye shina. Ndiyo maana chini unanata na juu unakatika.

Aliniandikia shampuu yenye dawa ya ketokonazo, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Ipakwe kwenye ngozi ya kichwa, ikae dakika tano ndipo isuuzwe. Wengi wetu tunaisuuza papo hapo, halafu tunasema dawa haifai. Mafuta, kidogo, ni ya ncha tu. Ukisuka, changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, upitishe kwenye njia za msuko. Dawa ya kunyoosha nywele niiache mpaka ngozi ipone, maana itaniunguza. Na hali hii hurudi, kwa hiyo baada ya wiki nne niendelee mara moja kwa wiki moja au mbili. (Mtoto akiwa na mabaka yasiyo na nywele, hayo huenda ni mapunye, na mapunye hutaka vidonge. Mpeleke kituo cha afya.)

Hayo yote yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa mama.

Mama anaishi Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Julai kule baridi hukaza ngozi mpaka inaota weupe, na mtoto aliyetoka kwenda shule bila kung'aa mafuta kuanzia kichwani mpaka miguuni alionekana kama hana mama. Kila nikienda likizo, baada ya salamu na chai, mama huvuta kigoda, huniweka katikati ya magoti yake na kufungua chupa.

"Mama, safari hii usinipake mafuta kichwani."

Mkono ukasimama hewani. "Umesoma mpaka mafuta yangu yamekuwa sumu?"

Nilimjibu vibaya. Nilianza kutoa somo la fangasi na tezi, kwa sauti ileile ninayotumia kwenye semina. Akasikiliza mpaka mwisho, akafunga chupa taratibu.

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nakuumiza."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ikabidi nimweleze upya, sasa kama mtoto wake. Kwamba kabla ya kuvunja ungo tezi za mtoto huwa zimelala, hazitoi mafuta ya maana, na kwa baridi ile mafuta yake yalikuwa yananifaa. Kwamba mwili uliobadilika ni wangu, na niliyeendelea kumwaga chupa wakati kichwa kinapiga kelele ni mimi, mjini, peke yangu.

Hakusema kitu. Akaingia jikoni, akarudi na beseni la maji ya moto, akapooza kwa maji ya mtungi, akauliza hiyo dawa yangu iko wapi. Akanisugua kwa ncha za vidole, polepole, akipita palepale alipozoea kupita. Nikamwambia ikae dakika tano. Saa ya ukutani ilikuwa imekwisha betri, kwa hiyo akaanza kunipa habari za kijiji: kabichi za mjomba zilizoozea shambani, jirani aliyemuoza binti yake bila kututuma hata ujumbe. Habari ya jirani ilikuwa ndefu. Povu likanikaukia kichwani.