Jani la Juu na Jani la Chini

Jani lipotezapo ukijani wake hupiga mbiu, lakini halitaji jina la adui. Njaa ya naitrojeni hulifanya manjano. Kiu hulifanya manjano. Maji yaliyozidi hata mizizi ikakosa hewa hulifanya manjano vile vile. Na kadhalika utitiri, minyoo fundo, na virusi viletwavyo na inzi weupe. Kwa hiyo mtu anunuaye dawa kwa kutazama rangi peke yake ni mfano wa tabibu atoaye kwinini kwa kila mwenye homa.

Jambo hili lilimfika mwalimu mmoja mstaafu wa Mtumba, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro. Mtumba ni nchi ya Wagogo, nchi ya uwele, mtama na ng'ombe, ambayo mvua yake huanza Desemba na kukoma Aprili, na miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Mji wa Serikali ulipozinduliwa hapo mwaka 2019, walikuja watu wa mishahara watakao nyanya Septemba kama Machi. Mwalimu aliliona soko hilo, akatoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, akajenga kitalu nyumba cha nguzo za mbao na paa la nailoni, akavuta maji ya kisima kwa mipira ya matone. Mkewe hakumzuia. Alisema tu, "Mwalimu, fedha hizo hazina ndugu zao."

Katika wiki ya sita nyanya ziligeuka rangi. Mwalimu, ambaye kwa miaka 30 aliwafundisha watoto kwamba jani la manjano lataka mbolea, aliongeza yuria. Manjano yakazidi, akaongeza tena. Asichekwe. Elimu iliyomlisha mtu muda mrefu haiachwi kwa siku moja, na hofu ya kupoteza fedha haimwachii mtu nafasi ya kutazama.

Aliyetazama ni mkewe, siku moja alipokuwa akifunga mashina kwa kamba. "Mwalimu, majani ya chini ni mazima. Yauguayo ni machanga."

Katika maneno hayo ilikuwamo nusu ya utabibu. Naitrojeni husafiri ndani ya mmea: ipungukapo, mmea huwanyima wazee na kuwapa wachanga, kama mzazi alalaye njaa ili mtoto ale, basi manjano yake huanzia chini. Magnesiamu pia husafiri, ila manjano yake hutokea baina ya mishipa. Chuma hakisafiri hivyo. Kikikosekana, jani la zamani hubaki na akiba yake, na jani jipya huzaliwa fukara, mishipa kijani na nyama manjano, pengine karibu nyeupe. Mfaransa Eusèbe Gris alilionyesha jambo hilo katika miaka ya 1840, alipotia maji ya chumvi ya chuma juu ya majani yaliyofifia, nayo yakarudia ukijani.

Lakini udongo aliousomba mwalimu ulikuwa mwekundu, na wekundu ule ni chuma chenyewe! Mmea waliaje njaa ndani ya ghala?

Jibu lilikuwa katika birika la chai. Kila mwezi mama mwenye nyumba alilisugua kwa ndimu kuondoa magamba meupe, na magamba yale yale yaliganda penye matundu ya mipira ya kitalu. Mwalimu aliyatonea siki, yakatoa povu: chokaa. Akachovya karatasi nyekundu ya litimasi, masalio ya siku zake za darasani, ikageuka buluu. Maji yalikuwa na tabia ya magadi, nayo yalinyweshwa kila siku chini ya paa lizuialo mvua ya kuusuuza udongo. Katika udongo wa namna hiyo chuma hufungika kisiyeyuke, na mizizi hukipita kama maskini apitavyo dirisha la duka. Yuria nayo, ianzapo kuoza udongoni, huuzidisha umagadi kwa muda.

Nchi hii ya kati imeona haraka kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa kwa matrekta kabla ya kuujua vema udongo na mvua. Kiangazi udongo ukakakamaa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mwalimu alipoteza mifuko miwili ya yuria tu, lakini kwake yeye ilikuwa Kongwa kamili.

Aliacha yuria. Akanunua dawa ya chuma ya kunyunyiza, akaitia tuta moja peke yake, akangoja. Siku ya kumi majani ya tuta lile yalianza kurudi, na ya jirani zake yalikuwa kama jana. Ndipo akanyunyiza yaliyosalia. Matuta matatu yaliyokwisha kudumaa aliyang'oa kwa mikono yake mwenyewe, asikubali kusaidiwa. Mavuno yalichelewa, na fedha iliyorudi haikufika nusu ya ile iliyotoka.

Msimu uliofuata, mche mmoja karibu na mlango ulionekana na manjano pembeni mwa majani ya juu. Mkewe alikwisha kushika bomba la dawa ya chuma.

"Ngoja, mama," alisema mwalimu. Majani yale yalikuwa yamejikunja kwenda juu kama kijiko, na mche umedumaa. Akaligeuza moja taratibu, na chini yake inzi weupe wakaruka.