Bamvua la Chole

Wengi huenda Mafia kumfuata papa potwe, wala hawakosei. Ila ukiniuliza mimi, nitakwambia uhesabu mwezi kabla ya kupanda boti Nyamisati. Fika wakati wa bamvua, maji ya Ghuba ya Chole yakishakupwa, ushuke mwambani kwa miguu.

Hapo ndipo utakijua kisiwa. Majongoo bahari wamejilaza mchangani, akina mama wanapekua mashimo ya pweza kwa fimbo huku wakitaniana. Hifadhi ya bahari ya hapa, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995, na kila dimbwi linakuonyesha sababu yake.

Lakini angalia unapokanyaga: katika pwani yetu yote anaishi Conus geographus, konokono mwenye gamba la umbo la pia, lenye mawimbi ya kahawia. Mchana hujificha, usiku humeza samaki wazima. Mchomo wake umekwisha kuua watu.

Silaha yake ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Seli ya neva au ya msuli imezungushiwa utando wa mafuta ambao ioni, kama za sodiamu na kalsiamu, haziupenyi hivi hivi; hupita kwenye milango ya protini. Peptidi moja ya konokono huyu ina asidi amino 22 tu, zimekunjwa na kubanwa kwa madaraja 3 ya salfa. Mkunjo huo huichomoza nje arginini, asidi amino ya 13 katika mnyororo, nayo huziba mlango wa sodiamu wa misuli kama kizibo cha chupa. Msuli unalegea. Peptidi nyingine, yenye asidi amino 27 na madaraja 3 vilevile, imekunjwa kwa namna yake, nayo hufunga mlango wa kalsiamu kwenye ncha za neva. Madaraja yakivunjwa, mnyororo hupoteza umbo na sumu hupoteza makali.

Maabara ya Baldomero Olivera, Mfilipino aliyehamia Chuo Kikuu cha Utah, ilipata peptidi ya aina hii ya pili kwa konokono wa jamii hiyohiyo, Conus magus. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha nakala yake, zikonotaidi, itumike kutuliza maumivu sugu. Hupitishwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Bado hapa magamba ya konokono hawa huuzwa kama mapambo!

Basi vaa viatu vya soli ngumu, na gamba hata likupendeze vipi, liache lilipo. Maji yakianza kujaa, tafuta mashua ya kwenda kisiwa cha Juani ukayaone magofu ya Kua.