Herufi Moja

Mwezi uliopita binti aliyekuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliniita kwenye meza yake. "Shikamoo mzee. Samahani, hii r imetoka wapi?"

Alikuwa amefungua mafaili mawili ubavu kwa ubavu: docopt.py kama inavyopatikana kwenye ghala la PyPI, na docopt.py iliyolala miaka yote kwenye folda yetu. Yote mawili yana jina la Vladimir Keleshev juu kabisa, na mwaka 2013. Ila la kwetu lina herufi ndogo r mahali ambapo la asili halina kitu, mstari wa 165, kisha tena kwenye mistari michache ya chini. Alitaka kujua nani aliiweka na kwa nini hakuandika popote. Alikuwa karibu kulifuta faili zima. Faili lisilo na mwenyewe, alisema, ni hatari.

Niliiweka mimi. Nilimwambia hivyo, naye akaitikia kwa heshima, lakini niliona jibu halijamtosha. Hata docopt yenyewe hakuwahi kuisikia kabla ya siku ile. Basi nikaanza kumweleza, na maelezo yakanirudisha Kariakoo.

Palikuwa na intaneti kafe kwenye uchochoro mmoja, chumba kimoja chenye kompyuta nane na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Ukiingia unapokewa na harufu tatu kwa mpigo: petroli ya jenereta iliyowekwa kibarazani, vumbi lililokuwa likiungua taratibu ndani ya mashine, na mandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa karibu na droo ya hela. Mpaka leo nikipita palipo na jenereta na mtu anayekaanga mandazi, vidole vyangu vinatafuta kibodi.

Mwenye kafe alikuwa mama wa makamo. Sote tukimwita Shangazi. Hakuwa mtu wa kompyuta, na hakujidai kuwa. Alikuwa mtu wa maandishi. Mezani pake palikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila aliyekaa aliandikwa humo: mashine namba ngapi, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Shangazi hakupotelewa hata na dakika tano.

Lakini uzito wa duka ulikuwa ukutani. Alibandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa za kalamu nene: dakika 30 shilingi 500, lipa kwanza, flashi haichomekwi bila ruhusa, umeme ukikatika, dakika zako zilizobaki zinaandikwa na utazikuta. Pembeni aliweka tarehe na sahihi yake. Mteja akibisha, Shangazi hakupandisha sauti. Aliinyoosha kalamu kuelekea ukutani na kungoja asome. Na siku alipotaka kubadili bei, hakuanza na wateja. Alibandua karatasi ya zamani, akaandika mpya, akaweka tarehe, akabandika, ndipo akaanza kutoza. Kilichoandikwa ndicho kilichofanyika. Sijawahi kumwona akitenda kinyume cha karatasi yake, hata kwa ndugu zake.

Humo ndimo nilimofanyia kazi za usiku, maana ofisi ilifungwa saa kumi na moja na intaneti yake ilikuwa ya kubembeleza. Kazi yetu ilikuwa takwimu za visima vya maji, na mimi niliandika programu ndogo za Python za kutoa ripoti. Programu hizo hazikuwa na madirisha wala vitufe; unaandika amri kwenye terminali, unataja wilaya na mwezi, ripoti inatoka. Kusoma amri hiyo na kujua lipi ni jina la wilaya, lipi ni chaguo, na lipi limekosewa, ni kazi inayofanywa na maktaba maalumu. Ukoo wake ni mkongwe: AT&T waliiachia getopt itumiwe na kila mtu mwaka 1985. Python ilikuja na getopt yake, ikaongeza optparse mwaka 2003, kisha argparse mwaka 2010. Zote hizi unazitumia kwa kuifundisha programu chaguo moja moja, mstari juu ya mstari, na maelezo ya mtumiaji yanaungwaungwa mwishoni kutokana na mafundisho hayo.

Docopt iligeuza mambo. Unaanza kwa kuandika maelezo, yale yale ambayo mtumiaji atayasoma akiomba msaada. Unaandika ripoti.py <wilaya> [--mwezi=<namba>], na maktaba inayasoma maandishi hayo kama sheria. Kilichomo ndani ya alama za pembe lazima kijazwe. Kilichomo ndani ya mabano ya mraba ni hiari. Huandiki sheria mara ya pili. Ukibadili maelezo, tabia ya programu imebadilika. Usiku nilipoielewa niliinua macho nikaitazama karatasi ya Shangazi, nikatabasamu peke yangu kama niliyepata barua.

Nimepekua barua pepe zangu kuhakiki, maana nilizoea kusema usiku huo ulikuwa wa 2012, mwaka ambao Keleshev aliitambulisha docopt kwenye mkutano wa PyCon UK. Barua yangu ya kwanza inayoitaja ni ya Machi 2013. Haidhuru. Ilikuwa msimu wa mvua, na paa la bati lilikuwa likipiga kelele.

Maktaba yote ilikuwa faili moja, mistari isiyofika 600, na walioitoa walisema wazi kwamba unaweza kulinakili faili hilo na kuliweka kando ya programu yako. Kwa mtu anayelipia dakika, hiyo ilikuwa neema. Nililiweka kwenye flashi, kwa ruhusa ya Shangazi, nikaenda nalo ofisini. Maelezo niliyaandika kwa Kiswahili. Neno moja tu lilibaki la Kiingereza, Usage, maana docopt inalitafuta hilo ili ijue pa kuanzia. Karani wetu, mama ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, aliyasoma maelezo yale, akaandika amri, na ripoti ya wilaya yake ikatoka. Tangu siku ile hakuniita tena kumtolea ripoti.

Toleo 0.6.2 lilitoka mwaka 2014. Baada yake, kimya. Watu waliihamishia docopt kwenye lugha nyingine nyingi za programu, mamia ya programu zikaitegemea, lakini maombi ya marekebisho yalijipanga mlangoni na hayakupata wa kuyapokea. Simlaumu Keleshev. Alitoa kitu kizuri bure, na mtu ana maisha yake. Wanaonichoma ni wale waliokuwa wakifika mlangoni mikono mitupu na kudai, kwa lugha ya mteja aliyelipa, kwamba mbona hapafunguliwi.

Kafe nayo ilikwisha kimyakimya. Simu zikaingia mifukoni, mashine nane zikawa tano, kisha mbili. Shangazi alirudi kwao, kijana wake wa kazi akashika duka. Karatasi ilibaki ileile ukutani, na tarehe yake ileile, lakini bei ya mdomo ilikuwa nyingine. Nilipomwambia aiandike upya alisema watu wameshazoea. Hapo nilijua duka limekufa, ingawa mlango ulikuwa wazi. Sasa chumba kile kinauza makava ya simu, na bei huambiwi mpaka mwuzaji amekutazama viatu.

Hali hiyohiyo naiona kwenye programu za siku hizi, na inaniudhi. Unaomba msaada, unapewa kurasa tatu ambazo hakuna binadamu aliyeziandika akimfikiria binadamu. Chaguo limetajwa ambalo liliondolewa zamani. Jingine linafanya kazi na halijatajwa popote. Ukuta unasema hivi, droo inatoza vile, na hakuna anayeona aibu.

Oktoba 2023 ilitoka Python 3.12. Mwenzetu alipoiweka, ripoti zikaanza kutanguliwa na onyo: mstari wa 165. Ndani ya maandishi ya kawaida docopt ilikuwa imetumia alama ya mkwaju uliolalia nyuma kwa namna ambayo Python ilikuwa imeanza kuikemea chinichini tangu toleo 3.6, na sasa iliikemea hadharani. Karani aliogopa akidhani takwimu zimeharibika. Dawa ilikuwa kuweka r mbele ya maandishi, ili Python iusome mkwaju kama ulivyo. Nikaiweka kila ilipohitajika, nikafunga faili, nikaenda kunywa chai. Sikumwambia mtu.

Wakati mimi nakunywa chai, onyo lilelile lilikuwa likiwatokea watu duniani kote, kila aliyetumia programu iliyobeba docopt tumboni. Na kumbe walikuwapo waliokwisha kufanya kazi hiyo, tena mchana kweupe. Walinakili mradi mzima wakauita docopt-ng, wakaupeleka Jazzband, ushirika ulioanza 2015 ambamo kila mwanachama alikuwa na ufunguo wa nyumba, ili mmoja akichoka mlango usifungwe. Waliandika majaribio yanayogusa kila mstari, wakaeleza aina ya kila data, wakaifuata Python toleo kwa toleo. Ndani ya programu jina la kuiita ni lilelile, docopt, kwa hiyo aliyeitegemea ya zamani mara nyingi habadili kitu. Hawakubuni lile wazo zuri. Walilitunza, na kulitunza hakuna wa kukupigia makofi: siku ukiifanya vizuri kazi hiyo, hakuna kinachotokea.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Herufi yangu ilikuwa sahihi, lakini niliificha kwenye folda moja ya ofisi moja, bila jina, bila sababu. Ndiyo maana miaka baadaye kijana mwenye akili alikaribia kuitupa, na alikuwa na haki. Mimi niliyejifunza kwa Shangazi nilibadili bei bila kubandika karatasi.

Tuliiondoa docopt.py ya kwetu siku ileile na kuweka docopt-ng. Maelezo ya Kiswahili ya 2013 yalisomwa bila kuguswa, na ripoti ya kwanza ikatoka safi. Kisha binti akafungua faili la kumbukumbu za mabadiliko, ambalo kabla yake hatukuwa nalo, akaniomba nimtajie: nani aliweka r, kwa nini, lini.

Jina nikampa. Sababu nikampa. Tarehe sikuwa nayo. Aliandika 2023, akaiacha nafasi ya siku na mwezi wazi.