Sheria Ipi Inayotajwa Humu?

Wanafunzi wangu wakipewa mkataba wausome, hukimbilia kifungu cha malipo, kisha cha muda, kisha cha kuvunja mkataba. Ukurasa wa tafsiri, ule wenye orodha ya maneno na maana zake, huurukia mbali. Mimi huanzia hapo. Nimekuwa na tabia hiyo tangu nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, na kila mwaka unaopita unanithibitishia kwamba hapo ndipo uwezo wa Bunge unapolindwa au kupunguzwa, kwa maneno machache ambayo hakuna anayeyapigia kelele.

Tuchukue mfano. Mkataba unaweza kusema: "Sheria ya Madini maana yake ni Sheria ya Madini ya mwaka 1998." Ukiishia hapo, umezua ubishi ambao siku moja utaamuliwa na jaji au na msuluhishi. Ukiongeza "kama ilivyo siku ya kutiwa saini mkataba huu", ubishi umekwisha: sheria imegandishwa, na lolote litakalofanywa na Bunge baadaye halihusu. Ukiongeza badala yake "pamoja na marekebisho yake ya mara kwa mara na sheria yoyote itakayotungwa badala yake", mkataba unatembea pamoja na nchi.

Sikuchagua madini kwa bahati nasibu. Sheria ile ya 1998 ilimruhusu Waziri kuingia mikataba ya uendelezaji wa migodi iliyomhakikishia mwekezaji kwamba masharti fulani ya kodi na tozo hayatabadilika. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, tena ukikokotolewa baada ya kuondoa baadhi ya gharama. Mwaka 2010 Bunge lilitunga sheria mpya, likapandisha mrabaha hadi asilimia 4 ya thamani ghafi. Raia wa kawaida angedhani kwamba siku sheria ilipoanza kutumika kila mgodi ulianza kulipa kiwango kipya. Haikuwa hivyo. Migodi mikubwa yenye mikataba iliendelea na asilimia 3, na ilibidi Serikali ikae mezani nayo hadi 2012 ndipo wakubwa wake wakakubali asilimia 4. Kwa muda wote huo sheria ambayo Bunge lilikwisha kuifuta iliendelea kuishi ndani ya mikataba.

Na mikataba hiyo hatukuiona. Wengi mnakumbuka mkataba wa Buzwagi uliotiwa saini London mwaka 2007, na jinsi Zitto Kabwe alivyouhoji bungeni akaishia kusimamishwa. Ndiyo yaliyotuletea Kamati ya Jaji Mark Bomani. Tulibishana sana kuhusu hoteli na kuhusu Waziri. Kuhusu ukurasa wa tafsiri hatukubishana, kwa sababu hakuna aliyekuwa nao.

Sipuuzi hoja ya upande wa pili. Anayezika mtaji mkubwa ardhini kwa miaka ishirini ana haki ya kujua kanuni za mchezo hazitabadilishwa mpira ukiwa uwanjani. Lakini kumlinda dhidi ya hila ni jambo moja, na kumkabidhi sheria ya mwaka mmoja aende nayo hadi dhahabu iishe ni jambo jingine. Mwaka 2017 tulipoamka, tuliamka kwa kishindo: mrabaha asilimia 6, hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16, na Bunge likajipa uwezo wa kupitia upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Niliunga mkono shabaha, si mwendo. Mengi ya yale yangeweza kupatikana kimya kimya miaka ya 1990 kwa sentensi iliyoandikwa kwa uangalifu. Labda wawekezaji wasingekuja, nitaambiwa. Labda. Dhahabu haihami.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya migodi tu. Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wangu, sasa ofisa ununuzi katika taasisi fulani ya umma, alinipigia simu. "Mwalimu," alisema, "kampuni ya ulinzi inatuambia haiwezi kulipa kima kipya cha mshahara." Akanitumia mkataba, wa Kiingereza kama kawaida, ingawa tangu 2021 sheria zetu zimeelekeza kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili. Bei ya huduma ilikuwa imekokotolewa kwa mujibu wa Amri ya Mishahara ya mwaka 2013, basi. Amri mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Ilimbana mwajiri, mkataba useme usemavyo. Hilo halina mjadala. Lakini nyongeza itoke mfuko wa nani? Kampuni ilionyesha ile 2013 na kusema bei imefungwa. Taasisi nayo ilionyesha 2013 ileile na kusema hivyo hivyo. Walinzi, ambao hawakuwahi kuuona ukurasa huo, waliendelea kupokea mshahara wa zamani.

Mkataba huohuo uliitaja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 "kama itakavyorekebishwa". Sheria hiyo baadaye haikurekebishwa. Ilifutwa, na ile ya 2023 ikashika nafasi yake. Kurekebishwa si kufutwa. Mwanasheria wa taasisi alijibu kwamba "inaeleweka". Neno hilo nalisikia mno maofisini, na karibu kila mara anayelitamka si yeye atakayelipa.

Nilimshauri kijana wangu mambo mawili. Tafsiri itaje marekebisho, kufutwa na kutungwa upya, pamoja na kanuni na amri zilizo chini ya sheria. Kisha, kwa kuwa mlango ukiachwa wazi huingia pia gharama ambazo hakuna aliyezitarajia, kiwepo kifungu kinachosema bei itakokotolewa upya ndani ya siku thelathini pale amri mpya ya mishahara inapotangazwa, na kwamba nyongeza ya mlinzi haisubiri mazungumzo hayo. Cha kwanza kimeingia katika mkataba wao mpya. Cha pili kilirudishwa na mhasibu. Malimbikizo ya walinzi, nilipouliza mara ya mwisho, yalikuwa bado yanajadiliwa.